Farasi wa Miiba

Médiatrice alikuwa akifua mapazia ya Clementina, mwajiri wake, kule Glenwood, simu ilipolia kutoka kwenye mazizi ya farasi. Clementina akasikiliza, kisha akaketi kwenye ngazi na kumweleza: farasi wa marehemu baba yake hawezi tena kutembea. Daktari wa mifugo amesema kwato zinaungua kwa ndani, na wiki mbili zikipita bila nafuu, itabidi apigwe sindano ya mwisho. Akamwomba Médiatrice amsindikize.

Mwaka huo, 1998, Médiatrice alikuwa na miaka miwili tu tangu afike Durban. Huko kwao Masisi alikuwa amekulia nyuma ya ng'ombe wa baba yake, lakini farasi hakuwahi hata kumgusa.

Alitazamia mnyama mrefu wa mashindano. Akaonyeshwa jike mfupi wa rangi ya kahawia, tumbo kama ngoma, manyoya mazito shingoni, na juu ya mdomo masharubu, masharubu hasa, kama ya mzee wa baraza. Mbele yake palikuwa na majani mabichi ya lusani na ndoo ya shayiri iliyotiwa molasi. Hakuvigusa. Alisimama ameinamisha kichwa, akiogopa kukanyaga.

Baba yake Clementina alikuwa baharia wa Galisia, kaskazini-magharibi ya Uhispania. Alimleta farasi huyo kwa meli, akaishi naye miaka kumi kwenye mteremko wa vichaka nje ya mji. Mzee alipofariki, binti akataka kumheshimu mnyama: akamweka pamoja na farasi wa bei kubwa, ale wanachokula wao.

"Madame," Médiatrice akauliza, "kule kwa mzee alikuwa anakula nini?"

Clementina hakujua. Jioni akampigia simu shangazi yake Galisia, na shangazi hakumwonea haya. Farasi wale, alisema, wanaishi porini, kwenye milima ya mvua na baridi, na chakula chao ni mti wa miiba wenye maua ya njano, ambao wanyama wengi wanaukwepa. Wanauponda kwa kwato kwanza, ndipo wanakula, na masharubu yanaukinga mdomo. Zamani watu wa kijiji waliwatwangia wenyewe. Shibe ya shayiri ndiyo iliyomvunja miguu.

Mti wa maua ya njano hawakuupata. Lakini kwenye mteremko wa mzee kulikuwa na vichaka vya miiba vinavyozaa matunda meusi, ambavyo farasi alikuwa amevikata pande zote kwa meno. Daktari akakubali wajaribu, mradi shayiri iondolewe na asimamishwe kwenye mchanga laini. Médiatrice akaazima kinu cha Immaculée, jirani yake, kinu cha kutwangia sombe, yaani majani ya muhogo, akatwanga matawi mpaka miiba ikalegea. Viganja vyake vikatoka damu. Akaweka rundo mbele ya farasi, akarudi nyuma.

Farasi akanusa. Akapuliza pumzi, akanusa tena. Kisha akainua mdomo wa juu, akachagua jani moja kama mtu anayechambua mchele, akala. Alipomaliza rundo lote akaangalia kinu.

Wiki mbili zikapita. Daktari akakamata kwato moja baada ya nyingine, akasema sindano isubiri. Mwezi wa pili farasi alitembea, tumbo limepungua, wakamrudisha kwenye mteremko.

Jumapili moja, baada ya ibada, Médiatrice akampeleka mume wake, Anaclet, aliyefanya kazi ghalani Mobeni, ili aone. Farasi alikuwa mbele ya kichaka kinene. Aliinua mguu wa mbele, akaushusha kwa nguvu, akageuza kwato kidogo kama mtu anayezima sigara, mara tatu, mara nne. Miiba ikalala. Ndipo akainama kula, bila haraka, masharubu yakitangulia.

Anaclet akamnyooshea farasi kidole.

"Mama Prodige," akamwambia mkewe kwa jina la mtoto wao, "hii nyama iko na akili. Nani alimufundisha?"

"Hakuna. Wamezaliwa vile. Hata baridi ya kwao haiwashindi."

Clementina alikuwa amekwisha kumwambia kwamba mapazia atayafua mtu mwingine, na yeye atamtunza farasi. Médiatrice akakunja mikono ya blauzi, akashuka mteremko kukagua uzio wa upande wa chini.