Swichi Mkononi mwa Mama Mkwe

Rubeni, dereva wa Landrova ya kijiji, hakuogopa kona za Mombo wala utelezi wa masika. Aliyemtoa jasho duniani alikuwa mtu mmoja tu, Bi Jenoveva, mama mkwe wake.

Si kwamba mama huyo alikuwa mkali. Heri angekuwa mkali, mtu angejua pa kushika. Alilelewa kwa adabu za zamani, na kwake mkwe ni mkwe: hakai naye chumba kimoja, hamtazami usoni, hamwiti jina. Rubeni akienda kusalimia, shikamoo yake huitikiwa kutoka nyuma ya mlango, chakula analetewa na watoto, na ndiyo basi. Tangu amwoe Raheli, watoto wamezaliwa na wakubwa wamekwishaanza shule, na bado hakujua kama mama yule anampenda au anamvumilia tu. Jambo hilo lilimuuma, ingawa mbele za watu alilifanyia mzaha.

Alasiri moja ya vuli, ng'ombe akaanguka korongoni. Alikuwa ng'ombe wa maziwa aliyetolewa shamba la Kwai, wakampa jina hilohilo la Kwai, na mimba yake ilikuwa kubwa. Ujamaa ulisema ni wa wote. Lakini aliyemkatia majani tangu ndama na kukesha naye akiumwa ni Bi Jenoveva peke yake. Ukingo ulimeguka kwa mvua, Kwai akadondoka na kukwama kwenye tope hadi tumboni, na juu mlimani mvua ilikuwa bado inapiga. Maji ya korongo yakaanza kupanda. Wanaume wengine wote walikuwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wakichimba barabara ng'ambo ya bonde. Raheli alitimua mbio kwenda kuwaita, Rubeni akaleta gari.

Alimkuta mama mkwe ndani ya korongo, kanga zimemganda mwilini, amekibeba kichwa cha ng'ombe begani kisizame.

"Shikamoo, mama," Rubeni alisema, macho yake mlimani.

"Marahaba." Kisha Bi Jenoveva akamgeukia ng'ombe. "Kwai, mwambie huyo dereva afanye upesi. Maji hayamsubiri mtu."

"Kwai," Rubeni akajibu kwa adabu zote, "mwambie mama nafunga kamba sasa hivi."

Msicheke. Heshima ina njia zake, na siku ile njia ilipita kwa ng'ombe.

Landrova ile ilikuwa na winchi ya umeme kwenye bampa la mbele. Ukibonyeza swichi yake yenye waya mrefu, mota inaizungusha na kuivuta kamba ya chuma. Rubeni alimviringishia Kwai magunia kifuani, akafunga kamba, akaweka mawe kwenye magurudumu, akabonyeza. Tak! Ukasikika mlio huo tu, na kamba haikusogea.

Akawasha taa za mbele zikang'aa vizuri, kwa hiyo betri ilikuwa nzima. Akabonyeza tena huku anazitazama, nazo hazikufifia hata kidogo. Mota ikivuta umeme, taa lazima zinyong'onyee. Basi umeme haukuwa unafika kwenye mota, au ulifika ukakosa njia ya kurudi. Akajiingiza chini ya bampa, akapapasa waya mmoja baada ya mwingine, hadi ule wa athi, unaorudisha umeme kwenye chesisi. Pale ulipofungwa palikuwa na kijani kizuri cha kupendeza.

Rangi! Kabla ya Sabasaba yeye mwenyewe alifungua kila kitu akaipaka chesisi yote, mpaka chini ya waya ule, na mwenyekiti akamsifu kwamba gari limekuwa bibi harusi. Tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa winchi. Umeme haupiti kwenye rangi, hata ikiwa ya sherehe.

Akafungua nati, akakwangua kwa kisu mpaka chuma kikatoka cheupe. Lakini vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, na alipotaka kuirudisha nati ikamponyoka, ikazama kwenye matope. Alipapasa, hakuiona.

"Kwai, mwambie..." Bi Jenoveva alikiinua kichwa cha ng'ombe juu zaidi. "Mwambie maji yamenifika kifuani."

Waya ungeweza kushikiliwa kwa mkono, ukagandamizwa kwenye chuma. Ila swichi aibonyeze nani? Rubeni alifungua mdomo amtume ng'ombe, akaona macho ya Kwai yamegeuka meupe. Akachungulia korongoni, akamtazama mama mkwe usoni. Ndipo alipojua Raheli aliyatoa wapi macho yake.

"Mama, pokea swichi hii. Nikisema sasa, bonyeza. Nikisema acha, achia hapo hapo."

Bi Jenoveva akanyoosha mkono, akaipokea. "Haya, sema."

"Sasa!"

Cheche ziliruka. Mota ikaunguruma, kamba ikakaza, Kwai akatoa mlio wa kutisha. Rubeni aliugandamiza waya kwa kipande cha gunia, nao ukapata moto, gunia likaanza kutoa moshi. Akauma meno.

"Rubeni, mkono wako!"

"Bonyeza, mama!"

"Unaungua, mwanangu!"

"Bonyeza tu!"

Walifokeana hivyo mpaka tope likamwachia Kwai, akaburutwa juu ya ukingo, akalala anahema. "Acha!" Rubeni akapiga kelele. Baada ya kitambo Kwai akajikongoja, akasimama.

Wanaume wakafika na majembe na kamba zao, Raheli mbele. Rubeni akageuka upande ili mama mkwe apate nafasi ya kujifunika na kwenda zake, kama ilivyo desturi. Bi Jenoveva hakwenda. Alipanda ukingo akichuruzika maji, akaushika mkono ulioungua, akaufungua kidole kimoja kimoja mbele ya watu wote. Raheli akaziba mdomo kwa kiganja.

"Ukija kwangu huwa nakuchungulia unavyokula," mama akasema polepole. "Ukimaliza sahani nafurahi, hata usingizi hauji."

Rubeni hakuwa amelia kwa moto wa ule waya. Sasa alilia. Alitazama pembeni ili wenzake wasimwone, lakini mkono aliuacha palepale.