Nusu Kidonge

Gordon Obonyo alipoitwa chuo kusomea udaktari, harambee yake ilifanywa kwenye holi la Kaloleni, mtaani kwetu. Mama alitoa jogoo apigwe mnada. Basi moyo wa Mama ulipoanza kusumbua, na tukamkuta Gordon kliniki akisomea ubingwa, Mama alisema Mungu ameona.

Aliandikiwa wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kidonge kizima kila siku.

"Mama Ayuma, wewe meza nusu tu," Gordon alimwambia. "Ukitokwa na damu puani, Kaloleni nitapitia wapi?"

"We! Mtoto niliyemfunga nepi ananiogopa?" Mama alicheka. Akameza nusu.

Haukupita muda, mdomo wake ukaenda upande na maneno yakakataa kutoka.

Tuliporudi kliniki, mwalimu wao, Daktari Nthoki, alikuwa akiwafundisha madaktari vijana.

"Dawa hii mnaiogopa," aliwaambia. "Mnaogopa damu itoke, mnasahau inayoganda kichwani. Pimeni, ongezeni, pimeni tena. Obonyo, huyu mama alikuwa anameza kiasi gani?"

Gordon alitazama viatu vyake. "Nilimwandikia kizima, daktari. Nadhani hamezi vizuri."

Mimi hata kanisani sijawahi kusimama nikasema neno. Nilisikia sauti yangu: "Gordon, si ulituambia nusu?"

"Aisee Obonyo, umeshtakiwa!" mwenzake mmoja akacheka.

"Huyu aliachia shule darasa la tano," Gordon akasema polepole. "Alichanganya."

Daktari Nthoki akamwinamia Mama. "Mama, daktari anayebadilisha dawa akaficha, hafundishwi tena na mimi. Lakini kama ni wewe unayemeza ovyo, siwezi kukuachia dawa hii, itakuua. Kama alikuambia nusu, inamisha kichwa. Kama sivyo, kitikise."

Nilishusha pumzi. Sasa ukweli utajulikana, Mama atapata dawa yake.

Mama alimtazama Gordon kwa muda. Akatikisa kichwa.

"Mama!"

Akatikisa tena, kwa nguvu, amenikazia macho ninyamaze.

"Basi tunaisimamisha," Daktari Nthoki alisema. "Mwandikie aspirini, ingawa haitamkinga kama hii."

Gordon akaandika upesi. Safari hii hakupunguza kitu.

Tulipofika kwenye ngazi, alitufuata mbio, akamnyooshea Mama mkono. "Polepole, Mama."

Mama akauacha mkono wangu, akashika wake. Wakateremka pamoja, kichwa cha Mama kimeegemea lile koti jeupe. Mimi nilibaki juu.