Suruali Yenye Zipu Mguuni

Baba alipofariki nilikuwa napiga deki kanisani. Simu aliishika mwenzangu, akanipa huku macho yake yako kwenye ndoo, na rais wa misheni, mkuu wetu, akaniambia polepole kwamba presha ilimpanda baba ghafla, hospitali hawakuwahi. Nikamshukuru kwa kunijulisha, kisha nikamalizia safu mbili za viti zilizobaki. Mama alisema nisirudi, mazishi ni kesho yake, nimalize kazi niliyotumwa. Nikayaangalia mazishi kwenye simu, picha ikikwama kila dakika. Wiki saba zilipita sijasikia kitu moyoni. Sikulia. Nilikula, nikalala, viatu nikavipiga rangi kila asubuhi.

Maisha ya mmisionari yanamfaa sana mtu asiyesikia kitu, maana kila kitu kimeshapangwa. Saa kumi na mbili na nusu kuamka, mazoezi, maandiko, saa nne mmeshatoka mitaani, wawili wawili, shati jeupe na beji nyeusi iliyoandikwa Mzee, cheo chetu sote, kabla ya jina. Mimi mzee nina miaka ishirini. Mzee mwenzangu ana kumi na tisa, namwita Pasi kwa jinsi anavyonyoosha mashati utadhani yamemkosea. Watu wa nchi hii hawachoki kuzicheka hizo beji, na sisi hatuchoki kujifanya utani huo ndio kwanza tunausikia.

Kwenye mlango wa kabati la vyombo tulibandika karatasi. Rais wa misheni alitaka kila mmoja aandike kila siku mambo matatu anayoyashukuru. Ya Pasi yalikuwa marefu, na mabasi yaliyofika mapema aliyaandika humo. Mimi niliandika maji, viatu, mwenzangu. Kesho yake viatu, maji, mwenzangu. Pasi aliona, akaendelea kuandika ya kwake.

Sala zangu nazo zilikuwa hivyo hivyo. Tangu nitoke nyumbani niliziomba kwa mpangilio mmoja: umbariki mama, uwalinde dada zangu, uliponye goti la baba, la kulia. Baba alikuwa fundi rangi. Alianguka kutoka kwenye ngazi mwaka mmoja kabla sijaondoka, goti likavimba na halikukunjika tena. Basi alipofariki, mdomo wangu ni kama haukupewa taarifa. Uliendelea kuliombea goti lile, asubuhi, jioni, na kwenye kila nyumba tuliyoingia, nami sikuwa nausikiliza.

Aliyeusikiliza alikuwa Mama Cherehani. Huyu ni mshonaji, kibanda chake kinatazama barabara, na alikuwa abatizwe Jumamosi ya wiki iliyofuata. Kwa jina la Mzee hatuiti ng'o. Anasema hawezi kumwita mzee mtoto ambaye angeweza kumtia kwenye beseni akamwogesha.

Alhamisi moja mchana tulimkuta anang'ata uzi. Tulikuwa tumekuja kumalizia somo la mwisho, lakini alituwekea mkono kama askari wa barabarani.

"Kaeni kwanza. Kuna kazi yangu nataka muione."

Akatoa suruali ya kijivu, imekunjwa vizuri, akaikunjua juu ya meza. Mguu mmoja ulikuwa na zipu ndefu ubavuni, kuanzia pajani mpaka chini.

"Ya baba yako hiyo," akaniambia. "Kila ukija hapa unaliombea goti lake. Nikasema, huyu baba anavaaje suruali na goti halikunjiki? Sasa atafungua zipu, ataingiza mguu, atafunga. Kiuno nimekikadiria kwako, nikaongeza kidogo, maana wazee wana matumbo. Ukimtumia, mwambie apige picha nimwone."

Niliishika ile suruali. Mshono wa zipu ulikuwa umepitishwa mara mbili. Nikamwangalia Pasi, naye alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Mama, ahsante," nikasema. "Baba amefariki."

"Lini? Leo?"

"Wiki ya saba sasa."

Akakaa kwenye kiti chake cha cherehani. Akaanza kuhesabu kwa vidole, nikajua anahesabu ni mara ngapi tumepiga naye magoti pale kati ya vitambaa.

"Lakini juzi umemwombea."

"Sikujua kama namwombea."

"Mimi nilijua," akasema. "Huyo ndiye mgonjwa wangu wa kwanza kumwombea tangu mnifundishe. Hata usiku nikiwa peke yangu namtaja. Mbona hamkuniambia?"

Nilimwona anaumia, nikajua mimi ndiye nimemuumiza, na hata hilo nililijua tu, kama mtu anavyojua kwamba leo ni Alhamisi. Akachukua wembe wake wa kufumulia, akaivuta suruali.

"Niitoe zipu, basi. Uvae wewe."

"Iache tu hivyo, mama."

Akaikunja upya, akaniwekea kwenye mfuko. Hatukufundisha somo.

Njiani nilimuuliza Pasi kama na yeye alikuwa anasikia.

"Kila siku."

"Ukanyamaza."

"Nilidhani unafanya makusudi," akasema. "Nilidhani bado hujataka kumtoa kwenye sala. Nikaona nikuache. Nikawa naitikia amina."

Jumatatu ndiyo siku yetu ya kufua, kwenda sokoni na kupiga simu nyumbani. Mama alipotokea kwenye simu nilimweleza habari ya suruali, kwa kuwa sikuwa na habari nyingine. Akataka aione. Nikaishika mbele ya kamera, Pasi akiwa nyuma yangu ananyoosha mashati.

"Amejua kushona huyo mama," mama akasema. "Mbona zipu ameiweka kulia?"

"Si ndilo goti lililokuwa bovu?"

"La kushoto, mwanangu."

"La kulia, mama. Nimeliombea mwaka mzima."

"Nimelikanda mimi miaka miwili. La kushoto."

Nikafumba macho nimwone baba mwenyewe. Alikuja kama anavyokuja siku zote: amesimama mlangoni siku ninayoondoka, amekataa kiti, ananitazama, na lile goti bovu liko upande wa mkono wangu wa kulia. Upande wangu. Kwake yeye lilikuwa la kushoto. Nikamweleza mama.

"Ndiyo hivyo basi," akasema. "Alikuwa amekugeukia wewe."

Hapo ndipo nilipolia. Nililia vibaya, na kamasi juu, suruali ikiwa mapajani, mama akisema ndiyo, ndiyo, toa yote, mwanangu. Nilimtaka baba yangu, nikasema hivyo kwa sauti, mara nyingi. Pasi alichomoa pasi ukutani, akaja kukaa sakafuni karibu nami, na shati langu akaliacha limenyooshwa mkono mmoja.

Jioni nilikwenda kwenye karatasi ya kabatini. Niliandika jambo moja tu: goti la baba, la kushoto.