Mkono Uliopo

Dobi alikuwa hatoki nyumbani na nguo yenye kunyanzi, hata akienda kununua chumvi. Basi siku ya kwenda mbele ya kamati, mkewe alimnyooshea shati jeupe, akamfunga vifungo mpaka cha kooni. Ule mkono wa kulia, uliobanwa na mashine ya kupigia pasi mashuka ya hospitali, akamtilia mfukoni taratibu, kama anayelaza mtoto.

"Umependeza, baba watoto. Watakuoza mke wa pili hukohuko."

"Atakayenitaka mimi labda kipofu," akasema Dobi, wakacheka.

Kamati ilikusanya maoni ya kubadilisha sheria ya fidia. Ile ya zamani ilitambua mkono uliokatika tu. Uliokufa ukabaki unaning'inia, huo kisheria ni mkono, na mwenye mkono hana la kudai. Dobi alitaka hilo libadilike, maana mkono huo ndio uliokuwa ukilisha nyumba.

Mwenyekiti akamtazama juu mpaka chini. "Mzee wangu, mbona mzima, tena maridadi kutushinda sisi?"

Ukumbi ukacheka. Dobi naye akatabasamu, mkono ukabaki mfukoni. Kwake, kuutoa mkono ule mbele za watu ilikuwa sawa na kuvua suruali.

Mkewe, aliyekaa nyuma yake, akaona mkono hautoki. Akaenda mbele, akamfungua vifungo kimoja kimoja mpaka kifua kikawa wazi.

"Mama, unafanya nini?" akauliza mwenyekiti.

"Mwambieni afunge."

Dobi alimtazama mkewe kama anayemwona mara ya kwanza. Kisha akajaribu. Mkono wa kushoto ulihangaika na kifungo kama kuku anayedonoa kioo. Wa kulia ukachomoka mfukoni, ukaning'inia. Wanakamati walimwacha ahangaike mpaka karani akafuta macho.

Sheria ikabadilishwa. Mkono uliokufa sasa unahesabiwa, ila kwa watakaoumia kuanzia hapo. Dobi alikuwa amewahi mno kuumia.

Hata hivyo majirani walijaa sebuleni kumpongeza mkewe. "Wewe mwanamke wa shoka!" Naye, mdomo haumpi pumziko, akawatania kwamba amemvua mwanamume mbele ya serikali na hakushtakiwa. Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Dobi alikuwa chumbani, anasikia yote.

Walipoondoka, mkewe akaingia kumuuliza kama atakula.

"Nimeshiba, mama, ahsante," akajibu, kwa ile adabu ambayo mtu huwapa watu baki. Na tangu asubuhi hakuwa ametia kitu kinywani.