Kwa Nini Kocha Hakuamuru Goti

Jumatatu jioni Kocha Pruitt huja mgahawani kwa Bi Earline, ninakofanya kazi, kuongea redioni, awe ameshinda au ameshindwa. Hukaa meza ya karibu na friji ya vitamu, mtangazaji kando yake, na wateja hupanga foleni kwenye kipaza sauti wamuulize wanachotaka. Siku nyingine foleni ni ya watu wachache wanaokuja kumsifu. Jumatatu ile foleni ilifika mlangoni. Nilikuwa nikipenya katikati yao na sinia la kambare wa kukaanga, na kila upande nilisikia neno moja tu: goti.

Jumamosi timu ya chuo chetu, ya mpira wa Kimarekani ule wa kukimbia na mpira mkononi, ilikuwa inaongoza kwa pointi tatu. Mpira tunao sisi, imebaki chini ya dakika moja, na wale wengine hawana tena ruhusa ya kusimamisha saa. Hapo hakuna cha kufikiri. Mchezaji anapokea mpira, anapiga goti, saa inajiendea, watu wanavua helmeti na kupeana mikono. Kocha akaamuru mpira apewe Demarius, mdogo wangu, akimbie nao. Alikimbia yadi mbili. Mpinzani mmoja akaupiga mpira ngumi kwa chini, ukamtoka kwapani, mwenzake akauokota na kwenda nao hadi mwisho wa uwanja. Tukashindwa mbele ya watu wetu, na sasa wakuu wa chuo walikuwa wakutane kesho yake kuamua kama Kocha abaki au aende.

"Mimi nanyoa vichwa tu," alisema Hollis kinyozi alipofikia kipaza sauti, "lakini hata mimi, Kocha, najua kupiga goti. Kanisani napiga kila Jumapili!"

Watu wakacheka, wengine wakagonga meza.

"Nilimwamini kijana," Kocha akajibu. "Lawama ni zangu."

"Usitupe lawama, tupe sababu!"

"Lete mwingine," mtangazaji akasema.

Sababu niliijua. Ijumaa baba yangu, Odell, alikuwa amesimama hapo hapo kaunta wakati nikimfungia Kocha chakula chake. Demarius alikuwa amebakiza yadi tisini afikishe elfu moja kwa msimu (dakika ile ya mwisho ya Jumamosi zilikuwa zimebaki nne), na pale chuoni kila anayefikisha elfu huandikwa jina lake kwa rangi ukutani, kwenye njia ya kuingilia uwanjani. Baba alichezea chuo hicho enzi zake akaumia goti kabla ya kufikisha elfu hiyo. "Wiki ijayo tunacheza ugenini, Kocha," alimwambia. "Nataka afikishe hapa, nikimwona. Usimwache bila hizo yadi, nakuomba." Kocha alichukua mfuko wake akasema, "Nikipata mwanya, Odell, nitampa."

Sasa Baba alikuwa kwenye foleni, kofia mkononi, na watu wanampigapiga mgongoni. "Mwambie, Odell! Amemwaibisha mwanao!" Naye anaitikia kwa kichwa. Anaitikia! Nilitamani kumwagia chai ya barafu.

Nilimsogelea na birika kama ninayetaka kumjazia mtu glasi.

"Baba, utasema nini ukifika mbele?"

"Nitauliza kama wenzangu."

"Utauliza nini, na wewe ndiye uliyeomba?"

"Punguza sauti, Keosha. Unataka mdogo wako asikie kwamba alipewa mpira kwa kuombewa? Ameshajifungia chumbani siku mbili."

"Na Kocha afukuzwe kwa kukufichia siri?"

"Yeye ni mtu mzima. Angeweza kukataa."

"Usiposema wewe, nitasema mimi. Kipaza sauti hakichagui."

Alinitazama kama ambaye hanijui. Foleni ikasogea. Ilipofika zamu yake, watu wakasogeza viti karibu, maana baba wa mchezaji ndiye waliyekuwa wakimngoja.

"Kocha," alisema. "Ijumaa, hapa hapa, nilikuomba umpe mwanangu zile yadi. Ulinikubalia. Watu wajue."

Nilidhani wataona haya. Hollis akaruka kutoka kitini.

"Kumbe! Kwa hiyo tumeuza mechi kwa ajili ya rangi ya ukutani?"

"Ulimruhusu mzazi akupangie mchezo, Kocha?" mwingine akapaza sauti. "Basi na mimi nina wanangu wawili, wape mpira!"

"Afadhali angekuwa mjinga tu!"

Kelele zikapanda hadi mtangazaji akaweka matangazo ya biashara. Kocha hakupiga kelele. Alifunika kipaza sauti kwa kiganja, akainama kwa Baba, nami nilikuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Odell, kosa la mchezo wangenisamehe. Nimekosea mengi, wakasamehe. Hili hawasamehe."

"Nilitaka kukusaidia."

"Najua," Kocha akasema, akachukua koti lake.

Njiani kurudi nyumbani Baba aliendesha gari bila kuwasha redio. "Umeridhika?" akaniuliza. Niliona jambo la haki likisemwa na likamharibia mtu kuliko uongo, na bado sikuona lingine la kusema.

Demarius alikuwa amekaa kwenye ngazi za mbele, amevaa viatu. Alikuwa amesikia yote redioni.

"Kabla hujamwomba," akamuuliza Baba, "alikuwa na nia ya kunipa?"

Baba alisimama na funguo mkononi. "Sijui, mwanangu."

"Hukumuuliza?"

"Sikumuuliza."

Demarius akamnyang'anya funguo, si kwa nguvu, akaingia kwenye gari na kulirudisha barabarani, akikata kuelekea mtaa anakoishi Kocha. Baba alitaka kumwita. Nilimshika mkono.

"Mwache, Baba. Akamuulize mwenyewe."