Mto Waomba Cheti cha Ugonjwa

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, mlinzi wa mtambo wa majitaka alikuwa bado anafuta vumbi kwenye meza yake ya getini mto ulipofika na kuketi kwenye benchi la wageni. Ulikuwa umelowa, kama kawaida yake, na ulikohoa mara mbili. Mlinzi, kwa kuwa ni mtu aliyelelewa vizuri, aliuamkia shikamoo, kisha akafungua daftari. Jina: Mto. Anatoka: juu. Anakwenda: chini. Shida yake: kupimwa.

"Msubiri mpima maji, mzee," alisema. "Yuko njiani."

Mto ukasubiri. Huko chini mkondo wake ulibaki mkavu, na wafuaji nguo wakakaa juu ya mawe na ndoo zao, wamenuna kama watu walioambiwa karani amekwenda kunywa chai.

Mpima maji alikuwa mama mnyamavu mwenye miaka kumi na miwili kazini. Aliupeleka mto maabara, akauketisha karibu na sinki usije ukalowanisha mafaili, akauuliza unaumwa wapi.

"Kifua," mto ulisema. "Nikishapita bomba lenu tu, pumzi zinakata. Sitaki makubwa, mwanangu. Niandikie cheti cha ugonjwa nipumzike wiki mbili. Bila cheti nani atanielewa?"

Akapima. Hewa iliyobaki ndani ya maji ingewatosha samaki wawili, tena wasiwe na haraka. Chanzo hakuhitaji kukitafuta. Mashine ya kupuliza hewa kwenye bwawa la pili ilikufa mwaka juzi, na tangu hapo majitaka ya mji mzima, ya wakubwa kwa wadogo, yalikuwa yakitoka kwenye bomba na kuingia mtoni vilevile yalivyoingia. Aliandika cheti kwa mkono wake, wakaenda wote wawili kwa meneja kikapigwe muhuri.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Aliusalimia mto, akaulizia hali ya chemchemi, kisha akafungua kabati na kutoa ripoti za miaka kumi na miwili. Zote zilisema maji ni safi. Zote zilikuwa na sahihi ya mpima maji.

"Mama, mto huu ni mzima," alisema. "Umeandika mwenyewe."

Ilikuwa kweli. Siku yake ya kwanza kazini, aliyemtangulia alimfundisha kujaza chupa ya kupimia upande wa juu, hatua mia mbili kabla ya kufika kwenye bomba, kwa sababu kule hakuna harufu na viatu havichafuki. Akazoea, na mazoea yana taabu. Alipojaza chupa ya kwanza alikuwa mwanafunzi. Alipojaza ya mia sita alikuwa shahidi wa uongo. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Nilikuwa nakupima mahali pasipouma," aliuambia mto.

"Najua. Nilikuwa nakuona ukipita."

"Tukitoa cheti hiki," meneja alisema kwa upole, "wakubwa wataanza kuuliza hizi ripoti mia sita aliandika nani. Una watoto, mama." Akakitia cheti kwenye droo. Mashine, alisema, imeshaagizwa.

Mto haukugomba. Ulishukuru kwa muda wao, ukainuka. Mpima maji aliusindikiza hadi ukingoni, maana mgeni hata akinyimwa husindikizwa. Pale mto uligeuka.

"Jumatatu utakuja?"

"Nitakuja."

"Basi pita na huku chini, hata kama huandiki. Mgonjwa hutazamwa."

Ukaingia mkondoni, na wafuaji nguo wakainama tena kwenye kazi yao.

Jumatatu iliyofuata mpima maji alishuka hadi chini ya bomba, akakaa juu ya jiwe kwa nusu saa, viatu vyake ndani ya tope. Aliuuliza mto umeamkaje. Mto ukasema afadhali kidogo, kwa adabu tu. Mama yule alilia bila kujificha, akafuta macho kwa kanga. Kisha akaaga, akachukua chupa yake tupu, akapanda kwenda kuijaza kule juu.