Chupa ya Ndama wa Swala

Ndama wa swala aliyeokolewa porini alikuwa amekataa chupa ya maziwa siku mbili, na daktari wa wanyama alijua hatafika ya tatu. Kila aliyemlisha alimshika kidevu na kumkazia macho.

Binti wa mfagizi wa kliniki alikuwa na usonji, na hakupenda kutazamwa usoni. Alichukua chupa, akampa ndama kisogo, akaipenyeza nyuma chini ya kwapa lake. Ndama akanyonya hadi povu la mwisho.

“Mama, umemfundisha lini binti yako?” daktari alimuuliza mfagizi.

“Mimi? Kutwa namgombeza, ‘Niangalie nikisema nawe!’”

“Basi tumekosea wote.” Daktari aligeukia ukuta. “Asante sana, mwanangu.”

“Karibu,” mtoto akajibu.

Mama akaweka ufagio chini, naye akageukia ukuta. “Asante, mwanangu.”